Klabu kuuza kiwanja cha mazoezi: mimi napinga

Wadau wa Tanga, salaam. Kila klabu ikikwama pesa za usajili, barazani hoja ni ile ile: kiwanja kiuzwe, timu ikajifue popote, ardhi haifungi magoli. Napinga, na mfano wangu nautoa kwenye raga ya Uingereza.

Klabu ya Wasps ya London ilianzishwa 1867. Ilihamahama mpaka 1923 ilipopata kiwanja Sudbury, ambacho baadaye ilikinunua kabisa. Hapo ndipo ilipotwaa ubingwa wa England mwaka 1990. Agosti 1995 raga ya ridhaa ikaruhusiwa kuwa ya kulipwa, mishahara ikaanza kuuma, na 1996 timu ya kwanza ikaenda kupanga Loftus Road, kwa watu wa soka. Sudbury ikauzwa. Leo ni nyumba za watu.

Najua mtanijibu kwamba baada ya hapo walibeba kombe la Ulaya mara mbili, 2004 na 2007. Ni kweli, na hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wenu. Lakini fuateni hadithi mpaka mwisho. 2002 wakahamia Wycombe. 2014 wakaenda Coventry, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwa mashabiki wao, wakanunua uwanja mkubwa, na mwaka uliofuata wakakopa pauni milioni 35 kwa hatifungani. Corona ikakausha mapato. 2022 deni likaiva, kulipa hawana, na Oktoba watu 167, wachezaji na wafanyakazi, wakapoteza kazi. Wenzao wa ridhaa, waliobaki na kiwanja cha Twyford Avenue kule Acton, wanacheza hadi leo.

Sisemi Sudbury peke yake ingewaokoa. Nasema siku mambo yalipoharibika, hawakuwa na pa kurudi.

Sisi je? Coastal Union ni ya 1948 na ilichukua ubingwa wa Bara 1988, lakini Mkwakwani tunakokuita nyumbani ni mali ya CCM. Klabu ya hapa ikiwa na kiwanja cha mazoezi, basi hicho ndicho chake. Pita Ngamiani jioni uwaone watoto wa chandimu: goli ni milingoti miwili ya mkonge, na fremu za maduka zikianza kujengwa pembeni, wanang'oa milingoti yao na kusogea. Klabu kubwa isiishi hivyo.

Kisheria ardhi yetu yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na hati inafika miaka 99. Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: hati iwe ya bodi ya wadhamini, na katiba ya klabu ikataze kuuza kiwanja au kukiweka rehani bila theluthi mbili ya kura za wanachama kwenye mkutano mkuu. Asiyekitaka kifungu hicho atuambie hapa, na atuambie timu itafanya mazoezi wapi.