Tupeane uzoefu: oposamu, mnyama tunayemdhania panya buku

Wadau mlioko ughaibuni, salaam. Mwaka wangu wa kwanza hapa Columbus, Ohio, nilitoka usiku kutupa taka, nikamkuta mnyama mkubwa kama paka: manyoya ya kijivu, uso mweupe, mkia mtupu. Nikasema huyu ni panya buku, nikainua ufagio. Akaachama, meno tele (ana 50), halafu akaanguka ubavu, ulimi nje, udenda unamtoka, na harufu ya mzoga. Nikajua nimemuua hata sijamgusa. Mzee jirani akaniambia nizime taa, nimwache. Nusu saa hivi baadaye akatikisa masikio, akajiendea. Kumbe si hila; hofu ikimzidi mwili wenyewe hujizima, yeye hana uamuzi. Ule ufagio naujutia hadi leo. Ninyi mlikutana naye vipi?

Mdau, Houston: Mimi naendesha lori usiku. Mwenzangu alinifundisha kwamba jike akigongwa lazima umkague tumbo, maana ana mfuko kama kangaruu na watoto huweza kubaki hai mama akishakufa. Siku moja tukakuta saba, wadogo kama kidole gumba, wote wameng'ang'ania chuchu. Usiwavute, utawaumiza! Tulivaa glavu, tukambeba mama mfu pamoja na watoto wake ndani ya boksi hadi kwa mwanamke mmoja mwenye leseni ya kulea wanyamapori. Alitueleza kuwa mimba ni siku 12 au 13 tu, mtoto huzaliwa mdogo kama nyuki, na chuchu kwa kawaida ni 13. Anayekuta zimejaa hana maisha. Nilikaa kimya njia nzima.

Mdau, Minnesota: Wa kwetu ncha za masikio zimekatika kwa baridi. Namhurumia sana.

Mdau, Brisbane: Huku Australia ni posamu, jamii nyingine, mkia wake una manyoya mazito. Alihamia darini kwetu. Sheria inamlinda, kwa hiyo tulimtundikia sanduku la mbao mtini, akitoka usiku tukaziba tundu.

Mdau, Auckland: Huyohuyo wa Brisbane aliletwa New Zealand kuanzia 1837 kwa biashara ya manyoya. Anamaliza miti na mayai ya ndege, na serikali inataka aishe kabisa ifikapo 2050. Nimefanya kazi ya kumtega. Naiunga mkono, lakini kumtoa mtegoni akiwa na mtoto mfukoni sijazoea.

Mdau, Nairobi: Huyo wa Marekani hana kichaa cha mbwa?

Mleta mada: Ni nadra sana kwake. Ila usimshike kwa mikono mitupu, anauma.