Saili mbili siku moja: asasi ya Dodoma au ya vitabu vya watoto Dar?

Mkato na Nukta: Wakuu, habari za asubuhi. Nimeitwa kwenye usaili sehemu mbili, zote nafasi ya mhariri, zote Jumatano ijayo. Moja ni asasi ya afya Dodoma, nyingine inachapisha vitabu vya watoto, ipo Dar. Niende ipi?

Babu wa Mabibo: Mshahara? Mkataba wa muda gani? Wewe mwenyewe uko wapi? Mnaleta mada nusunusu halafu mnataka jibu zima.

Kalamu Nyekundu: Na mfadhili ni nani? Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, sisi tulipewa barua Ijumaa, Jumatatu hakuna kazi. Mradi ukifa mhariri ndiye wa kwanza kutoka. Dereva angalau anabaki kurudisha magari. Nenda kwenye vitabu.

Mama Junior: Mkipewa jaribio la kufanyia nyumbani, kuweni macho. Mimi shirika moja lilinitumia mwongozo wa kilimo, kurasa 46, siku tatu. Nikakesha. Jedwali linasema wakulima 312, aya ya chini inasema 321. Kuna picha ya mtoto na jina lake na la shule yake, nikauliza kama mzazi aliridhia. Nikarudisha. Kimya. Simu hazipokelewi. Miezi minne baadaye naukuta mwongozo kwenye semina, umechapwa, masahihisho yangu yote yamo. Hata pale nilipoandika pembeni "hapa muulizeni mwandishi", wameyachapa katikati ya aya!

Babu wa Mabibo: 😂😂 Hiyo ndiyo risiti yako.

Kalamu Nyekundu: Jaribio la haki ni kurasa mbili, palepale ofisini. Na kwenye afya watakutega kwa maneno. Ukikuta "waathirika wa UKIMWI" andika "watu wanaoishi na VVU". "Walemavu" iwe "watu wenye ulemavu".

Mzee Sanifu: Ndivyo mnavyoirefusha lugha bure. "Walemavu" lina kosa gani?

Mama Junior: Mzee wangu, shikamoo. Mdogo wangu anatembelea kiti cha magurudumu. Ana jina, ana kazi, ana watoto wawili. Ulemavu unakuja baada ya hayo.

Mzee Sanifu: Marahaba. Hilo nimekuachia. Ila "masaa" badala ya "saa" sitayakubali hata mfadhili akitaka.

Mkato na Nukta: Samahani, nilikuwa kwenye daladala. Nipo Morogoro. Dodoma ni mwaka mmoja, milioni 1.4 kabla ya makato. Dar hawajataja mshahara, ila wanataka kazi tatu nilizohariri, na zangu zote ni siri za kampuni.

Kalamu Nyekundu: Chukua aya mojamoja, ilivyokuwa na ulivyoifanya, futa majina. Halafu piga simu uombe mmoja akubadilishie siku. Wengi wanakubali.

Babu wa Mabibo: Morogoro! Si ungesema mapema? Una treni ya SGR, Dar kulia, Dodoma kushoto.

Mzee Sanifu: Kulia ukiwa umeangalia wapi?