Sefiderokoli "inabebwa na chuma": inabebwaje?

Muuguzi_wa_Usiku: Wakuu, nina mgonjwa wa maambukizi ya mkojo, majibu ya maabara yamejaa R tupu (yaani bakteria ni sugu), hadi kwa meropenemu, antibiotiki ya nguvu. Daktari akataja antibiotiki iitwayo sefiderokoli, eti "inabebwa na chuma". Nikaitikia kwa kichwa tu, aibu kuuliza. Nielezeni.

Fundi_Maabara: Dada, karibu bakteria wote hawazaliani bila chuma, na mwili huficha chuma chake kwenye protini kama transferini. Basi bakteria hutoa sideroforo, molekuli ndogo za kunasa chuma, kisha huzirudisha ndani kupitia milango maalumu ya utando wa nje. Sefiderokoli imepachikwa katekoli, kipande cha kikemia kinachoshika chuma vilevile. Mwenye nyumba anamfungulia mwizi mwenyewe! Ikishaingia ni sefalosporini, jamii ya antibiotiki: inavuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria, na hata vimeng'enya vingi vya karbapenemasi, vinavyovunja dawa kama meropenemu, huivunja kwa shida. Kinachonitesa mimi ni kipimo cha maabara cha kuona kama bakteria wanaisikia dawa hii. Mchuzi wa kuoteshea bakteria lazima upunguzwe chuma kwanza, la sivyo majibu yatakudanganya. Nimewahi kurudia sampuli moja mara tatu.

Mfamasia_Mkongwe: Taratibu na sifa. Marekani iliidhinisha 2019, na usugu tayari upo: jeni ya mlango uitwao CirA ikiharibika, dawa inabaki nje. Tena kwenye jaribio la CREDIBLE-CR, waliopewa dawa hii walikufa wengi zaidi kuliko waliopewa dawa nyingine, hasa wenye bakteria aina ya Asinetobakta.

Muuguzi_wa_Usiku: Asanteni. Bakteria wa mgonjwa wangu ni Klebsiella. Naenda kuuliza kama kipimo chenyewe kimefanyika.