Ukianikwa kwa watu kisa mkopo wa app, riba ife au isife?

Mleta mada: Wakuu tujadili hili bila matusi. Juzi mama mkwe kanipigia sauti inatetemeka, kuna namba imemtumia meseji "mwambie mkweo arudishe hela za watu, tapeli huyo, wewe umeandikwa mdhamini". Nilikopa elfu 80, ikaingia elfu 56, siku saba nirudishe 80 yote, nimechelewa siku mbili tu. Mdhamini gani sasa, namba yake waliikomba kwenye simu yangu nilipobonyeza ruhusu. Na sheria zipo, ya huduma ndogo za fedha ya 2018, ya taarifa binafsi ya 2022, Benki Kuu ya Tanzania (BoT) wakatoa mwongozo wa wakopeshaji wa mtandaoni Agosti 2024 na Novemba wakataja app 69 zisizo na leseni. Mimi nasema app ikimwanika mteja riba yote ife, arudishe kilichoingia kwenye simu basi.

Riba Ndogo: Pole mkuu, ila mlipokopa mliuliza leseni? Mimi nakopesha, nina leseni ya daraja la pili, ile ya wakopeshaji wasiopokea amana, watu wananizimia simu wanahama mpaka nyumba. Ukisema riba ife kisa meseji, kesho kila mdaiwa atanichokoza nimtukane apate screenshot.

Mleta mada: Si usitukane tu mkuu 😂

Jirani wa KE: Huku Kenya 2023 Kamishna wa Data alipiga kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 kwa mambo hayo hayo ya namba za watu na vitisho. Inawezekana, ila mtu lazima alalamike.

Mama Mbagala: Nyie mnalia na meseji. Huku kwetu kausha damu, ile mikopo ya vikundi yenye riba kali, wanakuja kikundi kizima, rejesho la wiki likikosekana wanabeba kitu. Mwenzetu mmoja maharage yalikuwa jikoni, wakaepua sufuria wakaiweka chini taratibu kabisa, wakaondoka na mtungi wa gesi. Sasa hiyo sheria ya taarifa binafsi inamsaidia nini? Na hao waliobeba sio kampuni, ni wanakikundi wenzake, maana asipolipa yeye tunachangia sisi, afisa mikopo anakaa tu kwenye kiti anasubiri hela yake itimie. Nasema tunachangia kwa sababu na mimi nilikuwepo siku hiyo.

Riba Ndogo: Mtungi mlimrudishia?

Mama Mbagala: Uliuzwa siku ileile.