Naomba ushauri: hondohondo amejifungia ndani ya mvule unaotaka kukatwa

Ndugu zangu, poleni na majukumu. Ninaishi Muheza, chini kidogo ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, na siku zangu nyingi za mapumziko huishia milimani nikitazama ndege.

Wiki tatu zilizopita nilimwona hondohondo dume akitua mara kwa mara kwenye mvule mkongwe ulio katika shamba la jirani yangu, mzee ninayemheshimu kama baba. Nilipokaribia niliona tundu lililozibwa kwa udongo, likabaki ufa mwembamba kama wa kibubu, na ncha ya mdomo wa jike ikichungulia. Dume alikuwa akicheua makuyu, moja baada ya jingine, na kumpitishia mwenzake. Jike hujifungia humo tangu kabla ya kutaga hadi makinda yakaribie kuruka, kwa hiyo mti ukiangushwa sasa, familia nzima imekwisha.

Mzee anataka mbao, na ameshaanza kufuatilia kibali. Simlaumu, maana ana ada za wajukuu, na kwake hondohondo ni wapiga kelele tu (kelele kweli wanazo).

Je, nianze kwa kumwomba mwenyewe asubiri miezi michache, au niende ofisi ya misitu kabla kibali hakijatoka, bila kuonekana kwamba nimemchongea? Je, yupo aliyewahi kumpa mwenye shamba kifuta jasho ili mti usimame hadi makinda yatoke, na walikubaliana vipi?