Kodi nafuu nje ya mji: kagua maji na usafiri kwanza

Ndugu zangu mnaotafuta nyumba ugenini,

Nyumba za mashambani huwa na kodi nafuu, hilo halina ubishi. Ila mjini bili zako hulipia pia maji yaliyopimwa na bomba la maji taka. Nje ya mji mara nyingi mzigo huo ni wako.

Nyumba ikitegemea kisima, usitie saini kabla ya kuona majibu ya maabara ya mwaka huu, angalau ya bakteria na nitrati. Nitrati hutoka kwenye mbolea na maji taka, haina rangi wala harufu. Kuchemsha huua vijidudu, lakini nitrati haiondoki. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inazidi kukolea. Mwenye mtoto wa chini ya miezi 6 anayekunywa maziwa ya unga asibahatishe kabisa: nitrati ikizidi, damu ya mtoto hushindwa kubeba oksijeni vizuri. Kwa watoto wetu weusi, rangi ya samawati itafute kwenye fizi, ulimi na kucha, na ukiiona kimbia hospitali.

Pampu ya kisima nayo ni ya umeme. Umeme ukikatika, maji yamekatika, hata ya choo. Weka akiba ya lita 4 kwa kila mtu kwa siku, na ndoo za choo kando.

Kisha uliza tangi la maji taka lilinyonywa lini. Kwa kawaida ni kila miaka 3 hadi 5. Mafuta ya kupikia na vitambaa vya kupangusia watoto visiingie humo. Tope likijaa hufurika hadi kwenye mitaro inayopenyeza maji ardhini na kuziba udongo. Hapo kunyonya tangi peke yake hakutoshi, huenda mtaro ukachimbwa upya. Choo kikigugumia, au nyasi za juu ya mtaro zikistawi kuliko za kando yake, ulizia mapema.

*

Asante ndugu, hilo la nitrati wengi hatuambiwi. Mimi naongeza usafiri, maana ndio unaomeza ile nafuu ya kodi. Kazi ikiwa kilomita 30 kutoka nyumbani, kwenda na kurudi siku 22 ni kilomita 1,320 kwa mwezi. Gari linalokula lita 7 kwa kilomita 100 litataka lita 92 hivi, bado bima na matairi. Mkifanya kazi wawili kwa zamu tofauti, gari moja halitoshi.

Wanaotegemea basi wasome ratiba ya Jumapili na ya usiku, siyo ya Jumatatu asubuhi. Na mgeni akumbuke kwamba nchi nyingi huikubali leseni ya udereva ya kwao kwa muda tu.

Mjini napo kuna lake: nyumba iangalie tena saa nne usiku, usikie kelele za barabara na za ghorofa ya juu. Pembe za ukuta nyuma ya kabati zishike kwa mkono. Zikiwa na unyevu, ukungu uko njiani.

Kwa anayefika sasa, ningeshauri mwaka wa kwanza apange karibu na njia ya basi au treni, hata chumba kiwe kidogo. Utulivu na uwanja wa watoto wa kule nje ni vya kweli, vifuatwe leseni ikishapatikana na zamu za kazi zikishatulia.