Utando wa ndani wa mishipa unahusikaje na shinikizo la damu la mapafu?

Swali
Ndugu wasomaji, nimesoma kwamba shinikizo la juu katika ateri za mapafu huhusishwa na kuharibika kwa utando unaotanda ndani ya mishipa. Nilidhani utando huo ni bitana tu, na kwamba kukaza na kulegeza mshipa ni kazi ya misuli. Tabaka lenye unene wa seli moja hupandishaje shinikizo? Tena, ikiwa dawa za kutanua mishipa zipo, mbona haziuponyi ugonjwa huu?

Jibu la 1
Misuli ndiyo inayokaza, lakini hupokea amri kutoka kwenye hiyo bitana yako. Mwaka 1980 mtafiti Robert Furchgott alionyesha kwamba asetilikolini, kemikali ya mwili inayopeleka ujumbe wa neva, huulegeza mshipa wa sungura pale tu utando wake unapokuwepo. Ukikwanguliwa, mshipa haulegei. Kitu ambacho utando hutoa ili kuilegeza misuli baadaye kilitambuliwa kuwa gesi ya oksidi ya nitriki. Katika ugonjwa huu utando hutoa oksidi hiyo na prostasaiklini, kemikali nyingine inayotanua mshipa, kwa uhaba, ilhali huzidisha endothelini, ambayo hukaza mshipa na kuchochea misuli yake inenepe.

Jibu la 2
Nakubaliana na mwenzangu, ila swali la dawa halijajibiwa. Utando unapojeruhiwa, baadhi ya seli zake hufa, na zinazosalia huweza kuwa sugu kwa kifo, zikazaana bila mpangilio hadi kuuziba mshipa mdogo. Mwaka 2000 ilibainika kwamba katika baadhi ya familia hurithiwa hitilafu ya jeni ya BMPR2, ambayo kwa kawaida husaidia kuudhibiti ukuaji huo. Kwa hiyo dawa kama bosentani, inayozuia vipokezi vya endothelini, na sildenafili, inayorefusha athari ya oksidi ya nitriki, humpa mgonjwa nafuu ya kweli bila kuondoa kilichokwisha kuota. Sotaterseputi, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2024, hulenga ukuaji wenyewe, na kwangu hiyo ndiyo tofauti yenye uzito.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Je, kipimo cha kawaida cha mkononi kingeligundua tatizo hili?

Jibu la 2
Hapana, kwa kuwa hicho hupima mzunguko wa mwili, si wa mapafu. Mtu aweza kuwa na shinikizo la kawaida mkononi huku upande wa kulia wa moyo wake ukielemewa. Ultrasaundi ya moyo huleta shaka tu. Kinachothibitisha ni katheta, yaani mrija mwembamba, inayopitishwa katika moyo wa kulia, ikionyesha wastani unaozidi milimita 20 za zebaki katika ateri ya mapafu.